Siki Niliyoiharakisha

Nyumbani kwangu vioo ni vichafu, na simwombi mtu radhi. Wakwe zangu wamesema mpaka wakachoka. Wajukuu wameniletea chupa ya maji ya buluu ya dukani, ile ya kufyatua kwa kidole, nikaiweka juu ya kabati na huko inakaa. Si uvivu. Nimezaliwa na mwanamke aliyefuta vioo kwa mshahara, na kabla sijajua kusoma vizuri nilikwisha kujua kwamba kioo hufutwa kutoka juu kwenda chini, na kwamba hakifutwi juani, kwa sababu maji hukauka kabla kitambaa hakijafika, yakaacha michirizi. Nayajua yote hayo, na sivigusi.

Sisi tulikuwa watu wa Moroni kwa makazi, wa Mutsamudu kwa upande wa mama, na wa Unguja kwa ulimi. Mama alizaliwa Mutsamudu, akaolewa na Mngazija aliyekuwa na maisha yake Unguja, akatuzaa huko, kaka yangu na mimi. Baada ya mapinduzi ya Unguja baba akatuvusha kutuleta Moroni, kwao Ngazija, naye akafa mwaka wa pili wa kufika. Basi Kiswahili kikabaki lugha ya ndani ya nyumba yetu ya Magoudjou. Nje tulisema Kingazija, na watoto wa mtaa walitucheka kwa namna tulivyokisema. Mama alituambia tuwaache wacheke, meno ni yao.

Mama alipata kazi ya usafi katika ofisi moja ya serikali, na kazi yake hasa ilikuwa madirisha. Dawa ya vioo ilikuja kwa meli kutoka Ufaransa, katika makopo, yenye harufu ya kukata pua. Tulipopata uhuru Wafaransa wakafunga mizigo, na dawa ikaondoka nao. Mkubwa mpya wa ofisi, kijana wa kwetu, akamwita mama akamuuliza sasa vioo vitafutwa kwa kitu gani. Mama akamjibu kwamba watu walikuwa wakijitazama katika vioo safi kabla Mfaransa hajaijua njia ya kuja huku, na kwamba yeye apewe muda tu.

Muda alioutaka ulikuwa siku arubaini. Kulikuwa na mgema aliyekuja mjini kutoka upande wa Ntsoudjini, akamletea tembo la mnazi katika chupa iliyofungwa kwa kanga, na aliingia kwa mlango wa nyuma kwa sababu mama alikuwa binti wa mwalimu wa chuo cha Kurani, na mtu asije akaona tembo linaingia kwake akadhani mengine. Mama alilimimina katika mtungi mdogo, akafunika kwa kitambaa, akausogeza pembeni mbali na nguo za kusalia. Tembo ni pombe, na pombe ni najisi. Lakini likiachwa likageuka lenyewe, siki inayopatikana ni halali, na mtungi wenyewe husafika pamoja nayo. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na babu. Ila, na hapa mama alikuwa akininyooshea kidole, ukilisukuma, ukatia chumvi au kitunguu au mkate wa moto ili liwahi, basi litachachuka kama siki, utalionja kama siki, na litabaki najisi vilevile. Siki haisukumwi, alikuwa akisema. Inaachwa.

Mimi sikuwa mtu wa kuacha. Nilikuwa naufunua ule mtungi kila siku, nanusa, naambiwa niufunike. Haraka haraka haina baraka, mama alinisomea methali hiyo mpaka nikawa namalizia mimi kabla yake, kwa kejeli, na kaka yangu anacheka.

Siki ikishakuwa siki, kikombe kimoja cha siki kwa vikombe vitatu vya maji. Maji ya ndimu yaliyochujwa mara tatu, kwa sababu kipande kimoja cha nyama ya ndimu kinatosha kukuharibia dirisha zima. Mwisho maji kidogo ya maua ya langilangi, yale yanayobaki baada ya mafuta kuenguliwa, ambayo mama mdogo alikuwa akituletea kutoka Mutsamudu. Hayo ni ya kuua ukali wa harufu tu. Kupangusia ni karatasi, na mama aliikunjua kila karatasi akaitazama pande zote mbili. Yenye hata neno moja la herufi za Kiarabu aliikunja akaiweka rafuni. Hawezi kufutia kioo karatasi ambayo huenda ina jina la Mungu. Wenzake ofisini walimtania kwamba anasoma barua za serikali, na yeye hata herufi za Kifaransa hazijui.

Vioo vya ofisi ile viling'aa kuliko wakati wa makopo. Hilo nalisema bila kujisifu, kwa sababu halikuwa langu.

Sasa kaka yangu. Alinizidi miaka sita. Alikuwa mtu wa kucheka, ana mwanya wa mbele, amemfuata mama sura nzima, wakati mimi nimemfuata baba. Mwaka mmoja kabla ya uhuru aliondoka kwenda Mahajanga, kule Bukini, kisiwa kikubwa cha kusini yetu, kama walivyokwenda vijana wengi wa kwetu, kwa sababu Mahajanga ilikuwa mji wetu wa pili na kazi zilikuwa huko. Ili apate cheti cha safari alipiga picha mbili ndogo. Moja ikabandikwa kwenye cheti, moja ikabaki katika faili, katika ofisi ileile aliyofuta mama. Kutoka Mahajanga akatutumia picha kubwa. Amesimama, amevaa koti jeusi, mkono mmoja uko juu ya mgongo wa kiti, na anajizuia kucheka. Mama akaipeleka kwa seremala ikatiwa fremu na kioo, ikatundikwa ukutani juu ya taa ya mafuta, kwa kuwa hapo palikuwa na msumari. Nyingine hatukuwa nayo.

Mwaka mmoja na nusu baada ya uhuru, watu wetu wakauawa Mahajanga. Siwezi kueleza zaidi ya hapo, na waliokuwepo nao hawaelezi. Walionusurika waliletwa kwa ndege na kwa meli, maelfu, wengine hawajawahi kuiona Ngazija maisha yao, wakabandikwa jina la ndege iliyowaleta mpaka wakalizoea. Mama aliishusha picha ukutani. Kila walipoletwa watu alikuwa bandarini. Meli kubwa hukaa mbali pale Moroni, watu huletwa kwa mashua, na mama alisimama kwenye ngazi za mawe ameikumbatia fremu, akiielekeza kwa kila anayepanda. Wengine walitazama wakatikisa kichwa. Wengine hawakutazama. Nilikuwa naona aibu, Mungu anisamehe. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, naona aibu mama yangu kusimama na picha mbele ya watu.

Kaka hakushuka. Jamaa walikuja kutushauri tusome hitima, tumwombee, tupumzike. Mama akawaambia waliokuja wanywe chai yao waende salama, kwani yeye hamsomei hitima mtu ambaye hakuambiwa amekufa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Akairudisha picha juu ya taa.

Miezi michache baadaye, wakati wa ile serikali iliyowapa vijana wa shule madaraka, ilitoka amri kwamba makaratasi ya wakoloni yachomwe. Mafaili yakatolewa ofisini kwa mikono na kwa mikokoteni, yakachomwa nje mchana kutwa. Mama aliambiwa angoje moto uishe, kisha afute madirisha, kwa sababu masizi yalikuwa yamegandama kwenye vioo. Alifuta siku mbili. Alirudi nyumbani mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, analalamika kwamba siki imemwishia. Siku ya tatu wakaambiwa wafanyakazi wote waende kwao. Hakupewa hata barua ya kuachishwa kazi. Karatasi zenyewe zilikuwa zimeungua.

Tukahamia Mutsamudu, kisiwani Nzwani. Kule nyumba ni ya mwanamke, na ya mama ilikuwepo, jiwe tupu, katika vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana mmoja hugeuka ubavu. Mama mdogo alikuwa akiitunza, akatupokea kwa machozi na vyumba viwili. Wanawake pale walikuwa bado wanajitanda shiromani, zile shuka zao za kujifunika, ingawa vijana wa serikali walikuwa wakiwasumbua. Sabuni hakuna, sukari kwa bahati. Mama akatafuta mgema wa Nzwani, akaanza tena mtungi wake. Kinzwani changu kilikuwa cha kuchekesha, nusu Kingazija nusu Kiswahili, na sikuwa na rafiki. Kitu pekee nilichokuwa nacho cha kuwashinda wasichana wa pale kilikuwa maji ya vioo.

Basi nikajigamba nayo. Msichana mmoja wa jirani alikuwa anaolewa, arusi ndogo tu, maana zile kubwa zilikuwa zimepigwa marufuku, na chumbani kwake kulikuwa na kabati lenye kioo kirefu kilichofubaa tangu enzi ya bibi yake. Nikachukua chupa ya siki ya mama, siki iliyokwisha kuwa, chupa ya mwisho, nikaenda nayo bila kuomba ruhusa. Nilikifuta kile kioo mpaka bibi arusi akalia alipojiona. Nikasifiwa, nikalishwa halua. Chupa nikairudisha mahali pake na maji ya kisima ndani yake, kiasi kilekile.

Siku nne baadaye mama mdogo alirudi kutoka sokoni na habari. Bandarini Mutsamudu kulikuwa na mchukuzi mmoja mgeni, mzaliwa wa Mahajanga, aliyekuja kwa meli iliyofika Nzwani moja kwa moja, kwa hiyo hakuwahi kupita mbele ya mama kwenye zile ngazi za Moroni. Huyu alikuwa miongoni mwa wanaume waliowaosha na kuwazika waliouawa mtaani kwao. Alisema wengi aliwazika bila kujua majina, lakini sura zao anazo. Wako wengine waliokwisha kumpelekea picha. Mmoja akaambiwa naye, huyu nilimwosha mimi. Mwingine akaambiwa, huyu nilimwona hai siku ile, amepanda lori kwenda bara.

Mama akatuma mtu kumwomba mchukuzi huyo, kwa hisani yake, aje kwetu Ijumaa baada ya alasiri.

Ijumaa ile mama alikuwa mtu mwingine. Alioga mapema, akavaa shiromani yake nzuri. Akaniita tukasimama mbele ya picha, na kweli kioo kilikuwa kimefanya ukungu wa moshi wa taa, uso wa kaka unauona kama yuko nyuma ya chandarua. Alinipa maagizo polepole. Nichukue siki ya chupa. Nitie kidogo. Na kioo cha picha hakimwagiwi maji kama cha dirisha: niloweshe kitambaa, nikikamue, nipanguse, basi. Picha yenyewe ilikuwa imeshikana na kioo kwa unyevu wa miaka, kwa hiyo maji yasiguse pembe za fremu. Kisha akaenda kwa ndugu zake kutafuta sukari ya chai ya mgeni.

Hapo ndipo ningeweza kumkimbilia kichochoroni nikamwambia kwamba kwenye chupa mna maji ya kisima. Angenigombeza, angenivuta sikio, na yangekwisha. Ningeweza kupangusa kwa maji matupu, na mgeni angeona uso wenye ukungu kidogo. Nimeyafikiri haya mara nyingi kuliko nilivyofikiri jambo lolote duniani.

Nilichota bakuli moja kutoka mtungini. Lilikuwa na siku kumi na moja tu, bado tembo, lina utamu nyuma ya uchachu. Nikatia chumvi, nikakata kitunguu, nikaingiza kipande cha mkate wa moto kama nilivyokatazwa miaka yote, kwa mpango uleule, nikaliweka juani saa nzima. Nilipolionja likanikunja uso, nikasema hiyo siki. Nikapangusa, lakini moshi wa taa ni mafuta, haukutoka. Nikaongeza maji ya majivu, yale makali tuliyokuwa tunafulia kwa kukosa sabuni. Bado. Nikaishusha fremu, nikailaza chali sakafuni, nikamwaga.

Kioo kilitakata. Kilitakata hata nikatabasamu, nikamwona kaka yangu vizuri, anajizuia kucheka. Halafu nikaona mstari wa kahawia unaingia kutoka pembeni, chini ya kioo, unatembea. Nikaigeuza fremu, nikang'oa misumari kwa kisu, nikajaribu kuitoa picha. Koti likatoka. Kiti kikatoka. Uso ulikuwa umeshikana na kioo, na nilipovuta, ukabaki kwenye kioo. Kwenye karatasi pakawa peupe kuanzia kola kwenda juu. Kwenye kioo palikuwa na jicho na shavu, laini, vinateleza, na mimi, kwa akili gani sijui, nikachukua kitambaa nikafuta.

Mama aliporudi na sukari yake kwenye kijikaratasi, nilikuwa bado nimepiga magoti. Aliketi chini na shiromani yake nzuri, kwenye maji, akaiokota picha akaiweka mapajani.

"Umetumia siki gani?"

"Ile ya chupa, mama."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa bei. Chupa ile aliichanganya yeye kwa mkono wake, miezi mitatu nyuma, na sasa akaanza kujihesabia: labda ndimu ilikuwa nyingi, labda siki ilikaa mno ikazidi ukali, labda asingenituma mimi. Nilimsikia anasema hivyo na nikanyamaza. Kitunguu nilikuwa nimekwisha kukitupa.

Mgeni alikuja kwa wakati. Alikuwa kijana kuliko nilivyomtarajia, mikono mikubwa, ana adabu, akavua viatu nje. Nilidhani mama atamrudisha. Hakumrudisha. Alimpa chai, akamweleza kwamba picha imepata ajali mchana huu huu, akamwekea mbele karatasi ile isiyo na kichwa, akamwomba atazame hivyo hivyo. Yule mtu akaitazama. Nikaona anataka kusema kitu na hataki.

"Mama, koti hili ni la studio," akasema. "Sote tuliopiga picha pale tulivalishwa hilihili. Hata mimi ninayo, na koti hili, na kiti hiki."

Mama akamweleza urefu. Akamweleza rangi. Akasema alikuwa na mwanya hapa mbele. Mgeni akajibu kwa sauti ndogo kwamba maiti hufungwa kidevu, meno hakuyaona. Akanitazama mimi, akauliza kama tulifanana, mama akamwambia hapana, huyu ni wa baba yake, yule alikuwa mimi mtupu. Akaondoa shiromani usoni, akamgeukia taratibu, upande huu na upande huu, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, akimwonyesha mwanamume wa kando uso wake ili autafute uso wa mwanawe ndani yake. Yule mtu alitazama kwa heshima, kwa muda mrefu, mpaka macho yakamjaa machozi.

"Sijui, mama. Nikisema ndiye, nitakuwa nimekuzulia maiti. Nikisema siye, nitakuwa nimekuzulia mtu hai. Ningeiona sura ningekwambia."

Chai hakuimaliza. Mama alimsindikiza mpaka mlangoni akamshukuru, akamwombea kwa Mungu.

Nilipokuwa naondoa vikombe nikakumbuka ile picha ndogo, ya faili. Nikaangusha kijiko. Nikamwambia mama mbio mbio kwamba kuna picha nyingine Moroni, ofisini, ile aliyopiga kwa ajili ya cheti cha safari, nitakwenda mimi kwa chombo cha kwanza, nitaomba, nitalia, watanipa. Mama alinitazama kama ananionea huruma.

"Mafaili yale yalichomwa, mwanangu. Masizi yake niliyafuta mimi, dirisha kwa dirisha."

Sikuwa nimefikiri. Siku zile mbili alizorudi na mikono myeusi, nilikuwa nimemtekea maji ya kunawia na kumwambia aharakishe, chakula kinapoa.

Baada ya siku hiyo mama aliumwaga mtungi na hakutengeneza siki tena. Picha isiyo na uso aliikunja katika kitambaa cheupe akaitia sandukuni. Alikwenda kwa mwalimu wa chuo, binamu yake, kumuuliza kafara ya kosa lake ni nini. Mwalimu alimwambia hana kosa, ni ajali, na picha si mtu. Nilikuwa nimeketi nyuma yake nikisikiliza. Mama akamwambia maneno ambayo nimeyabeba toka hapo: alipewa mwana, akamwacha aende, akapewa habari, hakuiamini, akabakishiwa sura, akaifuta kwa maji aliyoyatengeneza mwenyewe. Mwalimu alirudia kwamba hadaiwi kitu. Mama akasema atafunga siku sitini mfululizo, na Mungu ndiye atakayejua ni za nini.

Akafunga. Mimi ndiye niliyempikia. Kila magharibi nilimwekea uji wa mchele na tende mbili zikipatikana, nikakaa mbele yake nikimtazama akifuturu, na kila magharibi nilikuja na neno mdomoni. Jana nililala nimeazimia. Leo namwona amenyong'onyea, midomo imemkauka, nasema ngoja anywe kwanza. Akishakunywa, anaonekana ametulia, nasema mbona nimuudhi sasa. Kisha zikawa siku ishirini, na nikaona kumwambia siku ya ishirini ni kumwambia kwamba zile kumi na tisa alifunga bure huku namtazama. Siku ya arubaini ilikuwa vigumu maradufu. Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye. Yangu hayakungoja kuzaliwa, yalikula nami kila jioni.

Katikati ya mfungo ule serikali ya vijana ikaanguka. Watu walimiminika vichochoroni, wanawake wakapiga vigelegele, mama mdogo akaja mbio kutuita tutoke. Mama akauliza kama Mahajanga kuna habari yoyote. Akaambiwa hapana, ni ya hapa tu. Akarudi kwenye msala wake.

Aliishi miaka kumi na saba baada ya hapo. Hitima ya kaka haikusomwa, kwa sababu hakuna aliyemwambia amekufa, na mlango wa mbele haukutiwa komeo hata usiku mmoja, kwa sababu hakuna aliyemwambia hatarudi. Nilikuwa na siku zote hizo za kusema. Niliolewa, nikazaa, nikamuuguza, nikamwosha kwa mikono hii alipokufa, na sikusema. Wanaonijua watanisema nikishafunuka, na waseme. Mimi nimejisema mwenyewe kabla yao.

Lakini linaloniamsha si kufa kwake. Ni siku ya sitini. Alikuwa amekonda mpaka pete imemtoka kidoleni. Nilimletea uji, akasema bismillahi, akanywa polepole akaumaliza, akafuta mdomo kwa pembe ya leso. Kisha akanishika mkono, mkono wa kulia, uleule uliokifuta kioo, akaubusu.

"Kosa langu, na taabu ukaibeba wewe," akasema. "Mungu akupe watoto wa kukutazama kama ulivyonitazama mimi."

Nikaitikia, "Amina, mama."